Jani bichi la mzabibu kwenye hadubini ya elektroni

Mkuu, umeuliza kama jani bichi la mzabibu lenye ukungu linaweza kuingizwa moja kwa moja kwenye hadubini ya elektroni. Haliingii hivyo hivyo. Mle ndani ni ombwe, yaani hewa imenyonywa yote, na jani lililochumwa asubuhi kwenye mashamba ya Makutupora limejaa maji. Maji yakitoka ghafla jani linasinyaa, na ule ukungu unaoutafuta unajikunja nalo. Lihifadhi kwanza kwa glutaraldehaidi, kemikali inayogandisha tishu zisiharibike, litoe maji kwa ethanoli ukipandisha kiwango polepole hadi asilimia 100, kisha likaushwe kwa kabonidayoksaidi ya kimiminika. Kulianika juani ni kuliua, na jua letu la Dodoma unalijua. Mwisho paka utando wa dhahabu, unene wa nanometa 10 hivi, ili chaji ya umeme isirundikane juu ya jani.

Nilifanya kazi hii nikisoma shahada ya pili. Sampuli za mwanzo zote zilitoka kama karatasi iliyofinyangwa.

Ila kama unataka pia kupima salfa iliyopulizwa shambani, usipake dhahabu. Salfa hutambuliwa kwa eksirei inazotoa ikipigwa na elektroni, na mstari wa eksirei wa dhahabu uko karibu mno na wa salfa, vitachanganyika. Paka kaboni. Zipo pia hadubini za ombwe hafifu zinazopokea sampuli mbichi, muulize fundi wa maabara kabla hujaanza kununua kemikali.