Beba futi kamba: kwa mnaoingia kwenye mapafu na mahututi

Wadogo zangu, swali la kwanza mnaloniuliza ni miaka. Ni mingi. Ukimaliza shahada na intani, yaani mafunzo ya kazini hospitalini, kuna miaka kama mitatu ya magonjwa ya ndani, ndipo uanze ubobezi. Marekani mapafu na wagonjwa mahututi husomwa pamoja kwa miaka 3 mingine. Kwingine ni fani mbili na kila moja ina mlango wake. Hilo tumelimaliza.

Ninachotaka kuwaambia hasa ni futi kamba.

Mwezi wangu wa pili chumba cha mahututi nilimpokea usiku mama mmoja mnene, nimonia imemshika mapafu yote mawili. Tukampitisha mpira kooni, nikamuunganisha na mashine ya kupumulia. Mizani ya kitanda ilisoma kilo 110. Kanuni ni mililita 6 kwa kila kilo; nikazidisha kwa 6, nikapata mililita 660 kwa kila pumzi, nikaandika kwenye faili na kwenda kunawa uso nikijiona fundi. Alfajiri akaingia bingwa wa zamu. Alitazama kioo cha mashine, hakusema neno. Akatoa mfukoni futi kamba, ile ya mafundi cherehani, akanipa ncha moja nishike kisiginoni. Sentimita 160.

"Pafu halinenepi," akasema.

Mapafu hufuata urefu na jinsia, hayajui mizani. Mwanamke wa kimo kile hukokotolewa kama mtu wa kilo 52 hivi, kwa hiyo pumzi yake ilipaswa kuwa mililita 314. Nilikuwa nikimsukumia zaidi ya mara mbili. Tukaishikilia pumzi kidogo tupime shinikizo ndani ya mapafu: 36, na sisi hatutaki lipite sentimita 30 za maji. Mama alitoka salama, ila hadi leo sijui kati ya siku 19 alizokaa kwenye mashine, ngapi zilitokana na saa zangu tano.

Tena hesabu hiyo haikuwa siri. Mwaka 2000 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 861 waliokuwa na mapafu yaliyoumia vibaya. Waliopewa mililita 12 kwa kilo walikufa karibu asilimia 40. Waliopewa 6, asilimia 31. Sababu yake inaeleweka ukiitafakari: pafu la namna hiyo sehemu kubwa imejaa majimaji na kusinyaa, kipande kidogo tu ndicho kiko wazi, na hewa yote unayosukuma inakimbilia hapo hapo. Unakipasua kile kile kinachomweka hai. Ndiyo maana huwa nawaambia wanafunzi kwamba mashine haitibu mtu, inamkopesha muda, na mkopo huo una riba.

Jambo la pili ni kengele. Mashine ikipiga kelele na oksijeni inashuka, vijana hukimbilia vitufe. Usiguse. Mchomoe mgonjwa kwenye mashine, mpira ubaki kooni, shika mfuko wa kubana kwa mkono, mpe oksijeni kamili, kisha sikiliza vidole vyako. Mfuko ukibanika vizuri na mgonjwa akatulia, tatizo lilikuwa kwenye mashine au mabomba yake. Ukiwa mgumu, tatizo liko kwa mgonjwa: anaung'ata mpira, kohozi limeuziba, umezama mno ukaingia upande wa pafu la kulia tu, au pafu limetoboka na hewa inalibana kutoka nje. Mpira ukiwa umechomoka utaujua kwa kifua kisichoinuka. Kazi yetu hii ilianzia mikononi: Copenhagen, Denmark, mwaka 1952, wakati wa mlipuko wa polio, wanafunzi wa udaktari walipokezana kuwapumulisha wagonjwa kwa kubana mifuko usiku na mchana kwa miezi.

Halafu msiidharau kliniki. Najua haina msisimko, na nilipokuwa kijana nami niliikwepa nilivyoweza. Mzee mmoja mwenye pumu alikuwa amepandishiwa dozi mara tatu na madaktari watatu, mimi nikiwa wa tatu. Ziara iliyofuata nikamwomba anionyeshe anavyotumia dawa yake ya kuvuta. Akaitikisa vizuri, akaiweka mdomoni, akabonyeza huku akitoa pumzi nje. Dawa yote ikaishia hewani mbele ya macho yangu. Siku hiyo sikuandika dawa mpya; tulikaa dakika kumi, mimi na yeye, tukijifunza kuvuta.