Re: Mbona baadhi ya miche yangu ya mahindi imeota myeupe?
Mkuu, miche iliyoota myeupe pe haijakosa mbolea, yurea yako itunze. Huo ni ualbino wa kurithi. Kloroplasti, yaani vijisehemu vya seli vinavyoupa mmea ukijani, hujengwa kwa maelekezo ya jeni nyingi zilizo kwenye kiini cha seli. Moja muhimu ikiharibika, jani linakosa ukijani. Tatizo ni kwamba jeni hiyo hujificha: mmea wenye nakala moja mbovu kati ya mbili unabaki kijani kama wenzake, ila ukijichavusha, takriban robo ya mbegu zake hutoa weupe. Mche huo unaishi kwa akiba ya punje tu, ikiisha unakauka.

Ungeona mistari ya njano kati ya mishipa, hapo ningeshuku udongo, labda zinki au chuma. Umesema ulitoa mbegu kwenye gunzi moja? Zilizobaki huenda nazo zimebeba jeni hiyo, usizipande, peleka mashineni.