Playa ya kukunja na plagi iliyoungua

SWALI: Nimenunua playa ya kukunja yenye kisu na bisibisi ndani. Je, inatosha kubadilishia plagi ya birika la umeme, ile ya pini tatu?

JIBU: Inatosha, ila mishikio yake ni chuma kitupu, hivyo chomoa kwanza waya ukutani. Kata kipande chote cha waya kilichoungua. Kwa kisu, chora duara jepesi kwenye ganda la nje, kama sentimita 4 kutoka mwisho, kisha likunje hapo, litapasuka lenyewe. Wengi hukandamiza kisu wakakata nyuzi za shaba. Nyuzi zikipungua, waya huchemka palepale na plagi mpya huungua tena.

Nyaya ndogo zimenye milimita 6 hivi, uzisokote. Kahawia huenda kwenye fyuzi, bluu upande wa pili, kijani na njano kwenye pini ndefu. Bisibisi pana huharibu skrubu za plagi. Tumia ile nyembamba. Bana ya waya iliyo ndani ya plagi ishike ganda la nje, si nyaya za ndani. Fyuzi iwe ya ampea 13.

Ukisafiri kwa ndege, playa iingie kwenye begi la kukabidhi, si la mkononi.