Jibu: Kinda la kunguru lililo chini ya mwavoka, nilichukue?

Yaya, liache palepale. Umesema lina manyoya mwili mzima, linarukaruka, na wakubwa wawili wanapiga kelele juu ya mabati. Basi halijatupwa, liko masomoni. Kinda la kunguru hukaa kiotani wiki 5 au 6 hivi, halafu hutoka kabla mabawa hayajakomaa, na wazazi huendelea kulilisha huko nje.

Sisi hapa Goma, mwaka jana kunguru walizaa kwenye mkaratusi nyuma ya parseli yetu. Siku nyingi wadogo walisimama ukingoni mwa kiota wakipiga mabawa bila kwenda popote, miguu imeng'ang'ania vijiti. Mmoja upepo wa ziwa ulimnyanyua kidogo, akashtuka, akarudi kukaa chini! Siku aliyotoka hakuruka, alianguka tu kwa heshima hadi kwenye ukuta wa mawe meusi. Mama yake akatua mbali kidogo na chakula mdomoni, hampi. Mpaka mtoto alipomfuata.

Lile wazo lako la kulirusha juu ili lijifunze, hapana. Utalivunja. Tazama mkia: ukiwa bado mfupi, breki hana.

Fungia mbwa na paka, watoto wakae mbali. Kama liko njiani, lishike taratibu uliweke kwenye tawi la chini. Wazazi hawalikatai eti kwa sababu ya harufu ya mkono wako. Ila vaa kofia, kunguru wanadonoa kichwa kweli.