Binti yangu, rangi ya kucha na Bessie Coleman

Juzi nimepost picha ya binti yangu kasimama mbele ya darasa akimsimulia Bessie Coleman, rubani mweusi wa zamani wa Marekani, na miwani ya kuogelea kichwani eti ya urubani, inbox ikajaa. Mama mmoja kaniuliza, "Dada, hawa wanawake wa historia ya Marekani wasiosemwa unawafundishaje watoto? Wangu nikianza tu wanashika tableti." Mpenzi, hata wangu walikuwa wanashika tableti.

Mwaka jana niliwakalisha sebuleni nikaanza kusoma, Bessie Coleman kazaliwa Texas 1892, yaani kama nasoma risala ya mwenge. Kaka mtu akauliza kama waifai imekata.

Kilichonitoa ni rangi ya kucha. Jumamosi moja nampaka binti, nikamwambia unajua Bessie alikuwa anafanya hii kazi Chicago kwenye saluni ya kiume? "Enhe?" Nikaendelea, kaka yake katoka vitani Ufaransa akawa anamtania, wanawake wa kule wanarusha ndege, nyie je? Binti akamtupia jicho kaka yake, maana na yeye anaye wa hivyohivyo. Basi shule za urubani Marekani zikamkataa, mweusi halafu mwanamke, akasoma Kifaransa akavuka bahari, 1921 akapata leseni, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kuwa nayo. Nilipofika 1926, Jacksonville, alipodondoka kwenye ndege na kufa, binti akavuta mkono.

"Mbona hakufunga mkanda?"

Nikamwambia alitaka achungulie chini, aone pa kutua na parachuti kwenye onyesho la kesho yake. Akanyamaza. Kucha mbili hazikupakwa mpaka leo hajaniambia nimalizie.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huo, usianze na tarehe wala "wa kwanza", anza na kitu ambacho mtoto anacho tayari. Kaka mtu anapanda basi la shule, nikampa Claudette Colvin, miaka 15, aligoma kumpisha mzungu kiti kwenye basi Montgomery Machi 1955, miezi 9 kabla ya Rosa Parks, yule mama maarufu aliyegoma hivyohivyo. Akauliza alikamatwa? Alikamatwa. Dereva ndo aliita polisi? Maswali mpaka chakula kikapoa.

Ila kuna mwalimu alishamwambia binti achague mtu "anayejulikana zaidi". Iliniuma na bado inaniuma sitaki kudanganya, ndo maana siku ile darasani walivyompigia makofi mi nililia kwenye gari. Na sisi wazazi tuliokuja huku Marekani tuna matatizo, mtoto anataja kikosi kizima cha Arsenal na sabu zake, historia tunamwachia yutubu imlee, halafu tunalalamika hajitambui. Anza na kitu chake jamani, narudia.

Jumapili nikawapeleka Waxahachie, Bessie alikokulia akichuma pamba, toka kwetu Dallas ni kama nusu saa. Njiani kaka mtu kajitoa achungulie mashamba, binti akamvuta shati, "Funga mkanda wewe!"