Bogenvilia Tabora: vipandikizi vinachipua kisha vinakufa, na mti mkubwa umegoma kutoa maua

Mleta mada yuko Isevya na ameuliza mambo mawili. La kwanza, vipandikizi vyake vya bogenvilia vinatoa majani mazuri wiki ya tatu halafu vinanyauka vyote. La pili, bogenvilia iliyopanda ukuta wa nyuma ya bafu ina majani tele lakini maua hakuna. Waliotangulia kujibu wamemwambia aongeze maji na samadi. Mkuu, usithubutu. Maji na samadi ndivyo vilivyokufikisha hapo, kwa yote mawili.

Tuanze na vipandikizi. Kijiti cha bogenvilia kina akiba ya chakula ndani yake. Kikikaa sehemu yenye joto, macho (vile vijinundu vya kuchipulia) yanafumka kwa akiba hiyo hata kama chini hakuna mzizi hata mmoja. Kwa hiyo majani ya wiki ya pili au ya tatu si dalili kwamba kimeshika. Watu wengi wakiona kijani wanakitoa kivulini, wanakihamishia kwenye udongo wa samadi na kukimwagilia asubuhi na jioni. Majani yanapoteza maji, mizizi ya kuyarudisha haipo, na kijiti kilicholowa kinaoza. Mizizi ya kueleweka huja kati ya wiki ya 6 na ya 10. Utaitambua kwa majani ya awamu ya pili: yanakua bila kusimama, yanabaki wima saa saba mchana, na ncha nyeupe za mizizi zinachungulia kwenye matundu ya kiriba, yaani kifuko cha nailoni cha kuoteshea. Usikivute kijiti kukagua. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na inakatika kwa kuguswa tu.

Kabla hujatupa vilivyokufa, vichunguze. Kwangua gome kwa ukucha kuanzia juu kushuka chini. Kama chini ni kweusi, kuna utelezi na gome linavuka kama soksi iliyolowa, kimeoza: maji mengi au udongo mzito. Kama kote ni kahawia na kukavu, kimekauka: upepo, jua, au kijiti kilikaa muda mrefu kabla ya kuchomekwa. Kama bado kuna kijani chini ya gome, hakijafa, kiache. Na kama sehemu iliyo ardhini imeliwa na kubaki ganda lenye udongo ndani, hao ni mchwa, na kwa Tabora hilo ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Usiweke viriba chini. Weka kichanja, kila mguu ndani ya kopo lenye maji au oili chafu, na kichanja kisiguse ukuta.

Msimu nao una neno. Septemba na Oktoba hapa hewa ni kavu mno, kijiti kinakauka kabla hakijajitambua. Mvua zikishaanza kushika, kuanzia katikati ya Novemba, hewa ina unyevu, na ndio wakati wa kuupogoa mti mkubwa, kwa hiyo vijiti unavipata bure. Vikishika Januari au Februari, unapanda Machi na mvua bado ipo. Kigoma kalenda ni hiyo hiyo, isipokuwa mvua huwa zinawahi kidogo.

Chagua tawi lililokwisha kupoteza kijani, gome la kijivu au kahawia, unene wa penseli hadi kidole kidogo. Ncha laini za kijani zinaoza, na tawi lililo kwenye maua limeshatumia akiba yake. Kata urefu wa sentimita 15 hadi 20 wenye macho manne au matano. Chini kata kwa mshazari, karibu kabisa na jicho. Juu kata bapa, sentimita moja juu ya jicho. Tofauti hiyo ya mikato inakuzuia kuchomeka kijiti kichwa chini, kosa linalotokea sana ukiwa na fungu la vijiti hamsini. Ondoa majani yote na miiba ya chini. Mkasi uwe mkali na umefutwa kwa spiriti. Mkasi butu unaponda gome na pale palipopondwa ndipo uozo unapoanzia.

Kwangua gome jembamba upande mmoja wa chini, urefu wa sentimita mbili au tatu, kisha chovya kwenye unga wa homoni ya mizizi. Dukani kwa pembejeo uliza ya matawi magumu, si ya miche laini. Kung'uta unga uliozidi. Kuhusu asali, najua huu ni mkoa wa asali na kila mada lazima mtu aipendekeze: inaweza kupunguza vijidudu kwenye kidonda, ila haioteshi mizizi. Bora uile.

Udongo wa kuoteshea usiwe na samadi wala mboji. Chukua mchanga mkubwa wa mtoni uliooshwa sehemu mbili, pumba za mpunga zilizounguzwa hadi kuwa nyeusi (zisiwe jivu) sehemu moja. Mwagia maji yanayochemka, acha upoe. Jaza viriba vya upana wa sentimita 10, toboa matundu ya kutosha chini. Toboa shimo kwanza kwa kijiti kingine ili unga wa homoni usibaki juu, zamisha macho mawili, kandamiza kwa vidole, mwagilia mara moja hadi maji yatoke chini. Kisha funika kwa nailoni nyeupe juu ya fito zilizopindwa, au chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, kizibo kimeondolewa. Weka kwenye kivuli chenye mwanga, chini ya mwembe panafaa sana. Chupa ikipigwa na jua la mchana inapika kijiti.

Baada ya hapo mikono mfukoni. Ingiza kidole sentimita tano. Mchanga ukiwa na ubaridi usimwagilie. Mvua isinyeshee viriba moja kwa moja. Vikishashika, funua nailoni kidogo kidogo kwa wiki nzima, jua la asubuhi kwanza. Siku ya kupanda chana kiriba kwa wembe pande mbili ukiwa umeshakitua shimoni. Kuvuta mche kwa shina ndiko kunakovunja tonge la udongo, na mche unanyong'onyea mwezi mzima.

Bogenvilia ya rangi ya zambarau ya kawaida inashika kwa urahisi kuliko zote. Nyeupe, na zile zenye maua yaliyojazana mafungumafungu, ni wabishi. Kwa hizo laza tawi badala ya kukata: vuta tawi refu la chini, chini ya jicho lipige mkato wa mshazari usiozidi theluthi ya unene wake, weka kijiwe kidogo mkato ubaki wazi, lizike sentimita nane na kulibana kwa jiwe. Ncha ibaki nje. Linaendelea kulishwa na mama yake, kwa hiyo haraka haipo. Miezi mitatu au minne baadaye litenganishe.

Sasa huo mti uliogoma. Umesema upo nyuma ya bafu. Nadhani jibu ndilo hilo: maji ya bafu yanaishia kwenye shina lake mwaka mzima, na samadi unaiongeza. Bogenvilia ikipata maji na naitrojeni (kirutubisho cha kukuza majani) bila kukatika haina sababu ya kutoa maua, inarefusha matawi na miiba tu. Nchi za mbali na ikweta urefu wa usiku husaidia kuishtua, lakini kwetu usiku na mchana vinatofautiana kidogo sana mwaka mzima, kwa hiyo ukame ndio unaofanya kazi hiyo. Geuza mfereji wa bafu. Simamisha samadi na mbolea za naitrojeni za dukani, urea na CAN. Kama nyumbani kuna mbolea ya tumbaku iliyobaki, ile NPK 10:18:24, hiyo inafaa kwa sababu naitrojeni yake ni ndogo na potasiamu nyingi: kiganja kimoja kwa mti mkubwa, Desemba na tena Machi, ukiitawanya sentimita 40 kutoka kwenye shina.

Kupogoa pia kunachangia. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Kata kwa nguvu Novemba, theluthi moja ya mti, kisha Aprili mwishoni minya ncha tu, ili kila tawi ligawanyike kabla mvua hazijaisha. Kuanzia Mei usimwagilie mti ulioshika ardhini hadi majani yaanze kulegea mchana; hapo mpe maji mengi mara moja, halafu mwache tena. Ukipogoa Juni kwa sababu unaona umevurugika, umekata maua ya msimu mzima.

Kingine, jua. Chini ya saa sita za jua kamili kwa siku, hayo yote hayatasaidia. Kama ukuta wako unatazama kusini na una mwembe juu yake, panda mche mpya upande mwingine wa kiwanja kuliko kubishana na huo. Shimo nusu mita kila upande, umbali wa nusu mita kutoka ukutani. Kama ni udongo mweusi wa mbuga, usichimbe shimo la kutuamisha maji. Inua tuta la sentimita 30 na upande juu yake.

Na ufunge matawi. Bogenvilia haijizungushi wala haishiki ukuta, inategemea miiba kujipachika. Tumia mpira wa tyubu uliochanwa, ule wa kufungia mizigo ya baiskeli, uzungushe kwa namba nane kati ya tawi na msumari. Waya wa kufungia nondo unakula gome, na ndani ya mwaka tawi linakauka kuanzia pale ulipofunga.