Mvua, joto na maisha ya watu: maswali yenu, majibu yangu

Jamani maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, siwezi kuyamaliza yote, kwa hiyo nimechukua yale yaliyojirudia na mawili matatu ambayo yalinikaa kichwani mpaka usiku. Kwa asiyenifahamu, mimi ni mtafiti chuo kikuu, nimesomea uchumi, na kazi yangu kila siku ni kufuatilia joto na mvua vinafanya nini kwenye kipato cha watu, shule, ndoa na amani.

SWALI: Habari yako dokta. Mi nikisikia mtafiti wa tabianchi najua ni mtu wa kupima mvua na kutabiri. Wewe mchumi unatafuta nini huko?

JIBU: Salama ndugu yangu. Wanaopima anga wapo na bila wao mimi sina kazi. Syukuro Manabe na Klaus Hasselmann walipata Nobel ya fizikia 2021 kwa kazi ya namna hiyo, kuonyesha dunia inavyopata joto na jinsi ya kutofautisha mabadiliko ya kawaida na yale yanayoletwa na binadamu. Wao wanakuambia kwamba wastani wa joto la dunia kwa miaka 2011 hadi 2020 ulikuwa juu kwa nyuzi 1.1 hivi ukilinganisha na 1850 hadi 1900. Sawa. Ila hiyo namba haikuambii ni nani amemtoa mtoto shule, nani ameuza ng'ombe wa mwisho, nani amehama usiku na familia bila kuaga. Hapo ndo naanzia mimi. Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba ukame ni jambo la angani lakini njaa ni jambo la watu, na hili si langu, mchumi Amartya Sen alilieleza vizuri sana 1981 alipochambua njaa ya Bengal, India ya enzi za Waingereza, ya 1943, kwamba watu wanaweza kufa njaa wakati chakula kipo ila hawana namna ya kukipata.

SWALI: Mnasema joto linaleta umaskini. Mbona Singapore ni joto mwaka mzima na ni matajiri? Naona hivi ni visingizio tu vya serikali zilizoshindwa kazi.

JIBU: Swali zuri na naomba unipe nafasi maana hapa ndo penyewe.

Kwanza uko sahihi kuwa na wasiwasi. Kulikuwa na mmarekani anaitwa Ellsworth Huntington, 1915 alikuja na hoja kwamba hali ya hewa ndo inaamua nani awe na ustaarabu na nani asiwe nao, na eti watu wa nchi za joto ni wavivu kwa asili. Ule ulikuwa ubaguzi uliovalishwa nguo za sayansi na ulitumika kuhalalisha mambo mabaya sana. Kosa la kitaalamu lilikuwa ni kulinganisha nchi na nchi. Ukichukua nchi ya joto ukaiweka pembeni ya nchi ya baridi, zinatofautiana kwa vitu elfu moja, kuna ukoloni, bandari, magonjwa, vita, sheria, halafu wewe unachagua joto peke yake unalibebesha mzigo wote, haiwezekani.

Sisi sasa hivi hatufanyi hivyo. Tunalinganisha sehemu na yenyewe. Yaani unachukua wilaya ileile, watu walewale, udongo uleule, uongozi uleule, halafu unaangalia mwaka uliokuwa na joto kuliko kawaida yake na mwaka uliokuwa wa kawaida, unafanya hivyo kwa maelfu ya sehemu na miaka mingi. Hakuna mkuu wa wilaya anayeamua mwaka huu joto lipande nusu nyuzi, ni kama bahati nasibu, na hiyo bahati nasibu ndo inatupa uhakika kwamba tunachokiona kimetoka kwenye joto na si kwenye kitu kingine.

Sasa ukifanya hivyo unapata nini? Wachumi Melissa Dell, Benjamin Jones na Benjamin Olken walifanya hiyo hesabu wakaitoa 2012, wakakuta kwamba kwenye nchi maskini mwaka ukiwa na joto zaidi kwa nyuzi 1, ukuaji wa uchumi unashuka kwa asilimia 1.3 hivi, maana yake nchi iliyotakiwa kukua kwa asilimia 4 inakua kwa 2.7. Kwenye nchi tajiri hawakuona athari ya maana. Soma tena hiyo sentensi ya mwisho maana ndo jibu la swali lako la Singapore. Joto ni lilelile, ila mwenye kiyoyozi, akiba benki na kazi ya ndani ya ofisi halimpati kama linavyompata anayelima kwa jembe saa saba mchana. Kwa hiyo serikali iliyoshindwa kazi haiponi kwenye utafiti huu hata kidogo, kinyume chake, utafiti unaonyesha kwamba hali ya hewa inamuumiza zaidi yule ambaye hajakingwa, na kukinga watu ni kazi ya serikali.

Kitu kingine watu hawakijui, wastani unadanganya. Wolfram Schlenker na Michael Roberts walichunguza mazao ya Marekani (2009) wakakuta mahindi yanafurahia joto mpaka kama nyuzi 29, soya mpaka 30, pamba mpaka 32, ukivuka hapo mavuno hayashuki taratibu, yanaporomoka. Kwa hiyo msimu unaweza kuwa na wastani mzuri kabisa kwenye karatasi, lakini siku chache tu za joto kali zikiangukia kipindi mahindi yanachanua mkulima hana kitu, na atakayeangalia wastani atasema huyu anasingizia.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilisikia kwamba ukame unafanya mabinti waozeshwe mapema. Nilishangaa, mvua na ndoa wapi na wapi?

JIBU: Marahaba binti yangu. Hii ni katika tafiti zilizonigusa sana kwa hiyo nitaieleza polepole. Lucia Corno, Nicole Hildebrandt na Alessandra Voena waliangalia kinachotokea kwa binti wa miaka 12 hadi 17 mwaka wa ukame. Kwa Afrika kusini mwa Sahara, uwezekano wake wa kuolewa mwaka huo unapanda kwa asilimia 3 hivi. Kwa India unashuka kwa asilimia 4 hivi. Ukame ni uleule, njaa ni ileile, matokeo yanaenda pande mbili tofauti. Kwa nini?

Mahari. Huku kwetu Afrika mahari inatoka kwa mwanaume inaenda kwa wazazi wa binti, kwa hiyo mwaka ambao ghala ni tupu, baba aliyebanwa anaona binti yake ndo njia pekee ya kupata ng'ombe au pesa ya kuwalisha wengine. India mali inatoka kwa wazazi wa binti inaenda kwa mume, kwa hiyo mwaka wa ukame hawana cha kutoa na harusi inaahirishwa. Unaona? Mvua haina nia mbaya na mtu. Inapita kwenye mlango uliokuwa wazi tayari ndani ya nyumba, na nyumba tofauti zina milango tofauti. Ndo maana sikubaliani na wanaosema suluhisho ni kampeni tu ya kuwaelimisha wazazi, mzazi mwenye njaa anajua vizuri anachokifanya na kinamuuma, mpe chakula au pesa mwezi ule uone kama ataozesha.

Upo utafiti mwingine mgumu zaidi kuusoma. Edward Miguel, 2005, aliangalia mauaji ya wanawake wazee wanaotuhumiwa uchawi wilaya ya Meatu, Tanzania. Miaka ambayo mvua ilitoka sana nje ya kawaida, iwe ukame au mafuriko, mauaji hayo yalikuwa mara mbili ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakupanda. Na waliohusika mara nyingi ni ndugu wa ndani. Bibi ambaye mwaka wa mavuno mazuri alikuwa bibi wa watu, mwaka wa njaa anageuka mdomo wa kulishwa, halafu anageuka mchawi. Nimefundisha utafiti huo miaka mingi na bado kila mara darasa linanyamaza. Mimi binafsi naamini pensheni ndogo kwa wazee ni sera ya tabianchi kabisa, kama ilivyo kujenga tuta la mafuriko, maana bibi anayeleta pesa nyumbani kila mwezi hakuna anayemwona mzigo.

SWALI: Wachumi mnatuchanganya. Mmoja anasema hasara ndogo, mwingine kubwa. Na ile makala ya 2024 iliyosema dunia itapoteza asilimia 19 ya kipato si iliondolewa? Tuwaamini vipi?

JIBU: Ni kweli iliondolewa na sitaficha. Ilitoka jarida la Nature 2024, ikasambaa sana, benki kuu mbalimbali zikaitumia. Baadaye watafiti wengine walichukua data zilezile wakazirudia, wakakuta takwimu za uchumi wa Uzbekistan zina kasoro na ukiitoa hiyo nchi moja tu athari inapungua sana. Waandishi wenyewe wakaiondoa 2025. Iliniuma, maana wapinzani wa sayansi waliishangilia. Ila jiulize ilikamatwaje? Data zilikuwa wazi, mtu yeyote mwenye kompyuta aliweza kuzikagua, na zikakaguliwa. Mimi mtu anayeficha data zake ndo simwamini, hata kama namba zake zinanifurahisha.

Kuhusu kutofautiana, ugomvi mkubwa kabisa haupo hata kwenye joto, upo kwenye swali la kwamba mjukuu wako ana thamani gani leo. Mchumi Nicholas Stern, kwenye ripoti yake kwa serikali ya Uingereza 2006, alisema kutochukua hatua kunaweza kugharimu kuanzia asilimia 5 hadi 20 ya pato la dunia kila mwaka, wakati kuchukua hatua ni kama asilimia 1. William Nordhaus, mchumi mwenzake aliyepata Nobel 2018, aliona hizo namba zimekuzwa. Tofauti yao kubwa ilikuwa kiwango cha punguzo, yaani hasara ya mbele unaipunguza kwa asilimia ngapi kila mwaka ili uilinganishe na pesa ya leo. Stern alitumia kama asilimia 1.4, Nordhaus alitaka kikubwa zaidi. Chukua hasara ya 100 itakayotokea miaka 100 ijayo, kwa 1.4 leo inahesabika kama 25, kwa 4 inahesabika kama 2 tu. Hasara ileile, watu walewale watakaoumia, lakini kwa hesabu ya pili wamekaribia kufutika. Mimi niko upande wa Stern kwenye hili, sioni sababu mtoto ahesabiwe kidogo kwa kuwa amechelewa kuzaliwa.

SWALI: Bima ya ukame inasaidia kweli au ni biashara tu?

JIBU: Inasaidia ikitengenezwa vizuri. Mfano ni bima ya mifugo iliyoanza Marsabit, Kenya, 2010. Hakuna mtu anayekuja kuhesabu mizoga, setilaiti inaangalia malisho yako kijani kiasi gani, ikishuka chini ya kiwango unalipwa. Mwanzo ilikuwa inalipa kufidia mifugo iliyokufa, baadaye wakaibadilisha ilipe mapema ili mfugaji anunue majani na maji ng'ombe wakiwa bado wamesimama, na huo ndo uamuzi wenye akili. Tatizo lake ni kwamba setilaiti inaweza kuona kijani wakati ni magugu ambayo mifugo haili, ng'ombe wako wanakufa na hulipwi. Kwa hiyo ukiletewa bima ya namna hii uliza kwanza, inapima nini na inalipa mwezi gani.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uchumi mwaka wa tatu, nataka kufanya kazi kama yako. Nianzie wapi?

JIBU: Karibu sana mdogo wangu, tunahitaji watu. Takwimu na ekonometriki, yaani kutumia takwimu kupima mambo ya uchumi, usizikwepe. Jifunze R au Python, lugha za kompyuta za kuchambua data, zote ni bure. Data za mvua za CHIRPS zipo kuanzia 1981 na hazilipiwi, za joto chukua ERA5, na tafiti za kaya za afya na idadi ya watu zimekuwa zikitolewa kwa anayeomba. Kwa hiyo usisubiri ufadhili ndo uanze.

Halafu nenda kakae na watu kabla hujafungua kompyuta. Mimi nilijifunza hili kwa aibu. Kuna wakati data zangu zilikuwa zinaonyesha mwaka fulani mvua ilikuwa ya kawaida kabisa, jumla ya milimita haina tatizo, lakini kwenye mahojiano watu wote wanauita mwaka wa njaa, nikadhani kumbukumbu zao zimechanganya miaka. Mama mmoja akanieleza bila hata kuinua macho kwenye maharage aliyokuwa anachambua, kwamba mvua ilinyesha ndio, ila ilinyesha wiki mbili za kwanza ikakata mwezi mzima, mbegu zikaota zikafa, halafu ikarudi yote kwa pamoja ikabeba udongo. Nikarudi ofisini nikaacha kuhesabu jumla ya milimita nikaanza kuhesabu siku kavu zinazofuatana baada ya kupanda, na ile njaa ambayo data zangu zilikuwa haziioni ikatokea kwenye grafu, mwaka uleule alioutaja.